Kaloli wa Barafu na Kitambaa cha Kiti cha Baba

Tangu nirudi sijafuma hata mstari mmoja. Kila Jumapili mchana tukikaa pale Walukuba na nyuzi zetu, mmoja wenu ananishika mkono: "Zaituni, anza tena pale kwa ndege aliyetapika." Nikianza, Mama Achieng anadakia kuuliza nilikula nini, Afande Akello anauliza habari za sweta lake, na mwisho kila mtu anaenda kwake na kipande cha safari kisichofanana na cha mwenzake. Juzi nimesikia sokoni kwamba nilipigana na pengwini. Sikupigana na pengwini. Basi nimeandika yote hapa. Someni kwa zamu, halafu mniache nimalize foronya za watu.

Mambo ya tiketi, viza na mihuri nayaruka, maana hata mimi niliyeyapitia yalinichosha. Kwa waliojiunga nasi karibuni, kazi yangu ni kuhesabu kaloli. Ndiyo, wale korongo wakubwa wenye vichwa vya upara wanaosimama majalalani na machinjioni kama makarani waliofukuzwa kazi. Nawakamata, nawavisha pete ya namba mguuni, nawaachia, naandika. Mwaka jana alifika hapa Jinja Dakta Marit, mwanamke wa Norwei anayechunguza ndege wala mizoga wa kule kwenye barafu ya kusini mwa dunia. Akanikuta machinjioni nikimvisha kaloli pete bila kumkimbiza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akanieleza shida yake.

Shida yake ilikuwa hivi. Walikuwa wamefunga vidude vidogo vya kurekodi miguuni mwa petreli wakubwa kumi na wawili, ndege wa bahari wanaotaga kwenye kisiwa kimoja cha huko. Kidude hakitumi habari, kinazitunza tu. Ukitaka kujua ndege alikaa wapi wakati wa baridi kali, lazima umrudie kwenye kiota chake umvue. Walipojaribu, ndege mmoja aliruka, na yai lake likaliwa mbele ya macho yao. Waliona uchungu, wakaacha. Sasa walikuwa na nafasi moja iliyobaki. Likipotea yai jingine, hata moja tu, kazi ingefungwa na habari zote zingebaki miguuni mwa ndege mpaka wafe nazo.

"Njoo unifanyie unavyofanya hapa," akaniambia. Nikakubali kabla sijauliza huko kuna baridi ya namna gani.

WALUKUBA HADI NABUYONGA

Mnakumbuka siku niliyowaaga. Mlicheka mlipoona naweka mabunda manne ya uzi na sindano ya kufumia kwenye mkoba. "Unaenda kazi ama unaenda harusi?" Mama Achieng akasema. Afande Akello, aliyekuwa ametoka zamu gerezani na buti zake zingali miguuni, hakucheka. Alivua sweta lake la kaki, lile zito, akanitupia.

"Hii nilifuma na mkono yangu," akasema. "Baridi ya huko hapana mchezo. Lakini sikia, kama wewe nakufa, sweta irudi."

Nikaondoka nalo kwenda Mbale kumuaga Baba. Wengi wenu hamumjui. Baba ni Hajji, anaishi Nabuyonga, na amechinja ng'ombe wa mji ule tangu kabla sijazaliwa. Alinisomesha ili nisinuke damu. Nikasoma, nikamaliza, nikarudi kusimama kwenye damu ileile nikihesabu ndege anaowatupia mifupa. Kwa hiyo majirani aliwaambia mimi ni daktari wa wanyama. Nilijua, naye alijua kwamba najua, na hatukuwahi kulizungumza. Lilinichoma miaka yote hiyo, nasema wazi.

Alinipikishia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwa karanga nzito. Tukala. Nikaangalia kiti chake. Kitambaa cha mgongoni alikifuma marehemu Mama, na kilikuwa kimebaki matundu matupu. Nikamwambia huko niendako nitamfumia kingine, kwa mtindo uleule wa Mama.

"Watu hapa naniuliza, 'Hajji, binti yako amepata safari gani?'" akasema. "Mimi niseme nini? Ameenda hesabu kaloli ya barafu?"

"Sema hivyo hivyo, Baba."

Akatafuna kwanza. "Sasa hiyo ndege ya huko nakula nini? Hapana watu, hapana machinjio. Na kichwa? Kaloli ya hapa hapana nywele kichwani, ndiyo maana naingiza kwa tumbo ya ng'ombe na natoka safi. Ya huko ikiwa na upara si nakufa na baridi? Niletee jibu. Picha sitaki."

Halafu akanipa agizo la pili, alilokuwa amelipata kwa shehe wetu. Kule jua halitui sawasawa wakati wa msimu wao, basi kwa sala nifuate saa ya Mbale. Nikaiweka simu yangu kwa saa ya nyumbani, na adhana ikawa inalia kwa wakati wake. Ishikeni hiyo, itakuja kunitia aibu.

MALABA HADI NAIROBI

Basi lilifika mpakani Malaba likakuta foleni ya malori isiyo na mwisho. Tulikaa pale mchana kutwa. Dereva alishuka, akapanda, akashuka tena, kana kwamba kushuka kwake kungesukuma lori. Nikatoa uzi nikaanza kitambaa cha Baba.

Mama mmoja wa Bungoma anayeuza nguo za mitumba alikuwa ameketi ng'ambo ya njia. Aliniangalia mikono, akaniangalia uso, akauliza hicho ni cha nani na naenda wapi. Nikamwambia. Akauliza tena, akidhani amesikia vibaya.

"Kwa barafu? Na hizo ndala?"

"Nitapewa buti, mama."

"Buti bila soksi ni jeneza, dada yangu." Akafungua mfuko, akachagua jozi tatu za soksi za sufu nene, akaziweka mapajani mwangu. Nikataka kukataa. "Wewe chukua. Siku moja nitasema soksi zangu zimefika mahali hata mimi sijawahi kusikia."

Mama wa Bungoma, kama haya yatakufikia kwa njia yoyote ile, soksi zako zimefika.

NAIROBI HADI MWISHO WA BARABARA

Ndege ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nililala nikiwa nimekaa, nikala mkate mkavu angani, nikasali kwenye kona ya uwanja wa São Paulo huku mfagizi mmoja akinizungushia ufagio kwa heshima. Begi langu kubwa lilipotelea njiani, nami nikafika Ushuaia, mji wa mwisho kabisa wa Ajentina, na mkoba mmoja: uzi, sweta la Afande, soksi na Kurani ndogo. Kwa bahati vitu vyote vya maana vilikuwa humo.

Dakta Marit alinipokea, akaniambia upepo umefunga bandari na tutangoja. Tulingoja siku nne. Na hapo ndipo niliwakosea watu wema kwa siku nzima.

Katika nyumba tuliyofikia, kila baada ya kazi watu wa meli yetu walikaa kwa duara. Mmoja alishika kikombe cha mviringo chenye mrija wa chuma, akamimina maji ya moto juu ya majimaji yenye makapi, akavuta, akaongeza maji, akampitishia mwenzake. Nyinyi mnaotoka upande wetu mnajua nilichokiona. Niliona malwa! Pombe ya wimbi, maji ya moto juu, mrija mdomoni, duara la watu, kila kitu kilikuwa pale isipokuwa chungu kikubwa. Kikombe kiliponifikia nikakikataa kwa kiganja na uso wa msikiti. Asubuhi nikawakuta tena, na kabla ya chai! Nikamwambia Marit kwamba mimi siwezi kupanda meli inayoendeshwa na watu wanaolewa tangu alfajiri.

Marit alicheka mpaka akashika ukuta. Ni majani tu, akasema, yanaitwa mate, si haya ya mdomoni, ni chai yao. Jioni ile nilijipeleka mwenyewe kwenye duara nikaomba. Ni chungu kama dawa ya minyoo. Nilivuta vikombe vitatu kwa ajili ya kuomba msamaha, na wakanipigia makofi.

BAHARINI

Kabla ya kuondoka, kila nguo na kila kiatu kilikaguliwa, maana mbegu moja tu ya kigeni inaweza kuota kisiwani na kuharibu mahali ambapo hapajawahi kuona nyasi za kwetu. Mkaguzi alipogeuza mfuko wa sweta la Afande, ikamwagika simsim, zile mbegu za ufuta. Afande, nilikutetea mbele ya wazungu! Nilisema mwenye sweta ni mtu wa kaskazini, na simsim kwao haikosi mfukoni kama funguo. Mkaguzi alitaka sweta libaki bandarini. Nikakataa. Nilikaa chini na kibano nikatoa mbegu moja moja kutoka katikati ya nyuzi kwa nusu siku, kisha likafyonzwa kwa mashine mara tatu, na mkaguzi akasalimu amri.

Bahari ile sitaieleza sana kwa sababu sikuiona. Kwa siku mbili niliona sakafu ya chumba changu na ndani ya ndoo. Meli ilipanda, ikashuka, na tumbo langu likabaki juu. Siku ya tatu nikaweza kutembea, nikaenda jikoni kwa mpishi, mzee wa Chile anayeitwa Ramiro, nikamweleza, kwa Kiingereza chetu cha kubahatisha, kwamba nyama ambayo hakuchinja Mwislamu sili. Akanishika bega kwa huruma, akatikisa kichwa, akaniletea viazi vilivyochemshwa. Mchana viazi. Jioni viazi, na supu ya viazi. Nilifikiri ndicho chakula kilichopo, nikavumilia. Siku ya tatu ya viazi nikaona samaki wa kukaanga akipita mezani, nikamuuliza mbona mimi sipati.

"Ulisema una ugonjwa wa nyama," akasema Ramiro. "Mimi nimekulinda!"

Baada ya hapo alinilipa fidia kwa samaki, mayai na maharage mpaka Marit akaanza kulalamika kwamba mimi nakula vizuri kuliko nahodha.

KISIWANI

Upepo na barafu vilituzuia tena. Tulipanga siku sita kisiwani. Upepo ulipotulia zilikuwa zimebaki mbili. Boti ikatushusha kwenye ufuo wa mawe meusi, na kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa harufu. Nilisimama nikavuta pumzi nikasema, alhamdulillahi, hii naijua. Yalikuwa machinjio ya Mbale matupu, ila yaliyowekwa kwenye friji.

Pale ufuoni kulikuwa na mzoga wa sili, mnyama mnono wa baharini, na juu yake petreli wakubwa watatu. Ni ndege wa rangi ya majivu, wakubwa kama bata bukini, na juu ya mdomo wana bomba la pua kama la bunduki. Mmoja alikuwa amezamisha kichwa chote ndani ya mzoga mpaka mabegani, akakitoa kimelowa damu, akawatisha wenzake kwa kutandaza mkia. Nikamkumbuka Baba: huyu hana upara hata kidogo. Nikangoja nione atafanyaje. Aliposhiba alitembea kwa kuyumba mpaka majini, akatumbukiza kichwa, akakisugua, akakitumbukiza tena, mara nyingi, kwa utaratibu. Kumbe kwenye baridi hawezi kuacha manyoya ya kichwani, basi anayafua. Nikaliandika jibu la Baba palepale kabla vidole havijaganda.

Nilijifunza mengine siku hizo mbili. Petreli ananusa mzoga kutoka mbali mno juu ya bahari, hivyo haangaiki kutafuta machinjio, yanamwita yenyewe. Anakunywa maji ya bahari, na chumvi inatoka kwa matone kwenye ncha ya mdomo kama mtu mwenye mafua. Tumboni anageuza mafuta ya alichokula kuwa kimiminika kizito, chakula cha njiani anapokosa kitu kwa siku nyingi, na ndicho hicho anachokilisha kifaranga. Ndicho pia anachomtapikia adui. Na miguu yake mitupu haigandi kwa sababu damu ya moto inayoshuka inapishana na damu ya baridi inayopanda, ikaiachia joto kabla ya kufika kwenye vidole. Kulikuwa pia na ndege weupe wanono kama kuku, wanaokula hata mavi ya pengwini, na hao walisimama kwa mguu mmoja, ule mwingine wameuficha ndani ya manyoya. Nikacheka peke yangu. Kaloli wetu anajinyea miguu ili apoe, huyu wa barafu anaficha mguu ili asigande. Kazi ni moja, ni hali ya hewa tu inayowagombanisha.

Sasa kazi. Viota vya petreli vilikuwa juu ya kilima cha mawe, kila ndege amekalia yai lake moja. Marit alinionyesha kwa darubini wale wenye kidude: saba tulioweza kuwaona. Akapiga hatua mbili tu kuelekea kwao, na vichwa vyote vikainuka. Pembeni yake, ndege wa kahawia anayeitwa skua alitua akaanza kutembea akijifanya hana habari. Huyo ndiye mwizi wa mayai.

"Umeona?" Marit akasema kwa sauti ndogo. "Tukienda, wanaruka. Wakiruka, yeye anakula."

Nilimtazama Marit kuanzia juu hadi chini. Alikuwa na koti jekundu. Mimi pia nilikuwa na koti jekundu. Wote waliowahi kuwakamata ndege hawa walikuja na koti jekundu, wakawatazama machoni, wakaenda moja kwa moja. Baba alinifundisha bila kujua, nikiwa msichana mdogo nimekaa kwenye ngazi za machinjio. Mgeni akiingia na kumtazama kaloli, kaloli anasogea. Mchinjaji anayechuna ngozi bila habari naye, kaloli anamkaribia mpaka anamkanyaga mguu. Ndege anayekula mabaki anaishi kwa kusoma nia ya mwenzake. Ukimtaka, anajua. Ukiwa na shughuli yako, wewe ni sehemu ya mahali.

Basi nikavaa sweta la kaki la Afande juu ya lile koti jekundu. Nikafunga bunda la uzi ndani ya mfuko kifuani ili upepo usipeperushe hata unyuzi mmoja. Nikakaa chini, nikampa mgongo ndege wa kwanza, nikaanza kufuma kitambaa cha Baba.

Nilijua Marit anafikiri amesafirisha mwendawazimu kutoka Jinja.

Nilifuma mistari miwili, nikasogea nyuma kwa makalio hatua moja. Mistari miwili, nikasogea. Vidole viliuma, machozi yakatoka kwa baridi, na nikaendelea kuhesabu matundu ya Mama: matatu, moja, matatu. Baada ya muda mrefu nikasikia kupumua nyuma ya bega langu. Ndege alikuwa amerudisha kichwa chini, anapanga mawe ya kiota. Nilikuwa nimefika. Nikaona kidude mguuni, kimejibana chini ya manyoya ya tumbo, karibu kuliko kikombe cha chai mezani.

Ilikuwa saa nne asubuhi kisiwani. Mbale ilikuwa saa kumi. Na simu yangu ikaadhini Alasiri.

Kosa si la adhana, kosa ni langu mimi niliyesahau kuinyamazisha. Wito wa Mungu ukapanda juu ya kilima kile, nadhani kwa mara ya kwanza tangu kiumbwe, na petreli akasimama wima. Yai likabaki wazi, jeupe, kubwa, mbele ya macho yangu. Skua hakungoja adhana iishe. Aliruka akatua upande wa pili wa kiota, mdomo tayari.

Sikufikiri. Nilichokuwa nacho mkononi ni kitambaa, nikakitandaza juu ya yai. Skua akadonoa, mdomo ukanasa kwenye matundu, akavuta. Mimi nikavuta upande wangu. Nasema kweli tupu, nilivutana kitambaa na mwizi wa mayai huku muadhini akinihimiza nije kwenye sala. Mtindo wa Mama umefumwa mara mbili kwenye kingo, haufumuki. Skua akajinasua akarudi nyuma kwa hasira. Na petreli, aliyekuwa amesimama juu yetu sote, akafungua mdomo akatapika.

Yalikuja mafuta ya rangi ya chungwa, ya moto, na harufu ambayo sina neno lake. Mengi yalikiangukia kitambaa, mengine yakampata skua, naye akaondoka na hakurudi siku ile. Mimi nililala kifudifudi, nimegeuza uso, sitikisiki, nikiomba. Nikasikia miguu yake mikubwa ikikanyaga. Akakikamata kitambaa kwa mdomo, akakitupa kando. Akageuza yai. Akakaa.

Alikuwa amekwisha kumwaga silaha zote, na nadhani aliona sasa tumeshakuwa upande mmoja. Nikachukua kitambaa kilichochuruzika mafuta, nikachukua sindano, nikafuma mstari mwingine nikiwa nimempa mgongo. Kisha nikapeleka mkono wangu wa kushoto nyuma, polepole, chini ya manyoya yake. Joto la mle ndani sitalisahau. Nje kila kitu kimeganda na pale chini ya tumbo pana joto la kitanda cha mtoto. Nikagusa kidude, nikakata kifungo kwa koleo ndogo, na kikaanguka kiganjani.

Nilishuka kilima kwa makalio vilevile nilivyopanda. Nilipofika chini Marit alikuwa analia. Nikafungua kiganja, naye akanikumbatia na mafuta yangu yote, akajuta mara moja.

Simu niliinyamazisha, lakini adhana ile sikuiacha bila kuitii. Niliswali pale juu ya mawe, nikarudi kazini. Siku ile nikatoa vidude vitatu. Ya pili, vinne. Saba kwa saba, na mayai yote saba yakiwa chini ya wenyewe. Tulipopanda boti, Ramiro alikuwa amesimama ukingoni mwa meli. Alinusa, akafunga pua kwa aproni, akapiga saluti.

KURUDI

Meli ikageuka, na mara hii bahari niliiona, nikaiona ni ndogo. Marit alisoma vidude mezani, akanionyesha ramani. Nukta zilikuwa zimezunguka ukingo wa barafu, msimu wote wa giza, wakati ambao kila mtu alidhani ndege hawa wanakimbilia kwenye joto. Hawakukimbia. Walikaa pale pale barafu inapopasuka na sili wanapotokea kupumua. Mmoja, yule wangu wa kwanza, alikwenda mashariki mpaka nukta zake zikafika chini kabisa ya Afrika, akageuka. Marit akaweka kidole pale. "Alikuja kukuchungulia," akasema. Aliniomba nirudi msimu ujao, na nimekubali. Afande, nitalihitaji sweta.

Nilikwenda Nabuyonga kabla ya Jinja. Kitambaa nilikuwa nimekimaliza njiani, nikakifua kwa sabuni ya meli, kwa sabuni ya Ushuaia, kwa majivu, kwa ndimu. Kimekuwa cheupe lakini harufu ipo, na Marit anasema itakuwapo hata mimi nikifa. Niliona aibu kukitoa. Nikampa Baba majibu kwanza. Nikamweleza habari za kunusa, na mafuta, na damu inayopishana miguuni, na kichwa kisicho na upara kinachosuguliwa majini kila baada ya kula.

Baba alisikiliza amefumba macho. "Kumbe ile nachukua udhu," akasema. Akacheka kwa muda mrefu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mama alipokuwa hai.

Ndipo nikakitoa kitambaa. Alikipapasa kingo, matundu matatu, moja, matatu, akajua ni ya nani. Akakileta puani. Nikamwambia nitamfumia kingine kisichonuka. Aliinuka akakitandaza mwenyewe mgongoni mwa kiti chake, akakinyoosha pembe zote nne.

Ijumaa baada ya sala walikuja wageni, majirani wa siku zote. Nilikuwa nyuma ya pazia naandaa chai. Nikasikia mmoja akiguna, akiuliza kama kuna panya aliyekufa humu ndani.

"Hapana panya," Baba akasema. "Sogea hapa. Nusa." Kiti kikalia. "Nusa vizuri. Hiyo nimeletewa kutoka mwisho wa dunia. Binti yangu nafanya kazi huko."

"Ile kazi ya daktari wa wanyama?"

"Daktari gani?" Baba akasema, na sauti yake ikapita kwenye pazia, ikatoka mlangoni, mpaka barabarani. "Binti yangu nahesabu kaloli!"